Ukija Shuleni Kwetu, Njoo na Kazi Yako

(Haya niliyaongea mbele ya wataalamu na walimu wa sayansi hapa Dodoma. Watu wengi waliniomba niyaweke kwa maandishi kwa hiyo nimeyaandika vile vile nilivyoongea, nimepunguza tu salamu.)

Mbukwenyi! Haya, walioitikia hiyo salamu ya Kigogo kwa nguvu ni wenyeji, nyie mliohamia na serikali tutawafundisha taratibu.

Itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu, nafundisha shule ya kata wilaya ya Chamwino na ni mlezi wa klabu ya sayansi pale shuleni. Nimeombwa niongelee ushirikiano kati ya shule na watu wa sayansi na teknolojia, na nina jambo moja tu la kuwaomba. Mkija shuleni kwetu njooni na kazi yenu. Ile ile mnayoifanya ofisini, fildi, maabara, kwenye mtambo, iwekeni mezani watoto waishike, waiulize maswali, waikosee, halafu wiki mbili baadaye mrudi tena.

Ngoja niwaelezee kwa kitu kinachotokea darasani kila mwaka. Kuna praktikali ya kupima maji yanachemka kwenye joto gani. Kitabu kinasema nyuzi 100. Mtoto wa Dodoma anawasha jiko, anatumbukiza kipimajoto, anasubiri, maji yanatokota kabisa na kipimajoto kinagoma kwenye 96. Anaongeza moto, kinagoma pale pale. Anaangalia kwa jirani, na yeye 96. Unajua anafanya nini? Anaandika 100! Anaandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100 na maksi ziko kwenye 100, anaamini kipimajoto cha shule ya kata ni kibovu au yeye mwenyewe ndiye hajui kusoma. Na mwalimu mwenye wanafunzi 80 na vipimajoto vitatu anaweka tiki anaendelea mbele.

Jamani yule mtoto alikuwa sahihi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko Dar es Salaam, na hewa ikikandamiza kidogo maji hayasubiri kufika 100 ndiyo yachemke, yanachemka kwenye 96 hivi. Yaani alishika mikononi ushahidi wa jinsi dunia inavyofanya kazi mahali anapoishi yeye, halafu akaufuta kwa raba. Mimi hili linaniuma sana, kwa sababu hapo tumemfundisha kuamini karatasi kuliko macho yake na hiyo ndiyo kinyume kabisa cha sayansi.

Sasa vuta picha siku hiyo kwenye lile darasa yupo mtu wa hali ya hewa. Hana hotuba, hana projekta, amekuja na barometa yake tu, kile kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa. Anawaambia someni hapa, wanasoma hektopaskali kama 890, anawaambia mwenzangu wa Dar asubuhi hii amesoma kama 1,010, haya niambieni kwa nini maji yenu yamegoma kwenye 96. Hilo somo hawalisahau mpaka wanazeeka. Na yule mtaalamu hakununua chochote, amekuja na kitu anachokisoma kila siku kazini mpaka amekizoea haoni tena kama ni cha ajabu.

Mara nyingi tunachokipata ni tofauti. Tuliwahi kupata wageni, sitawataja, walikuja na magari mawili, tisheti, bango kubwa na mpiga picha. Wakawaambia watoto sayansi ni rahisi, someni kwa bidii mtafika mbali, wakakabidhi boksi la vifaa, tukapiga makofi, wakaondoka na hatujawaona tena. Lile boksi lilikaa ofisini kwa mkuu wa shule limefungwa maana hakuna aliyeonyeshwa vinavyotumika na tuliogopa viharibike. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na nia nzuri kabisa na hela walitumia, ila mtoto wa kidato cha pili haondoki na kitu chochote kichwani kwa kuambiwa sayansi ni rahisi. Na kwanza sio rahisi. Mwambieni ukweli kwamba ni ngumu, kisha kaeni naye kwenye ule ugumu.

Sasa nije Dodoma yetu. Mimi naamini hakuna mkoa Tanzania hii wenye nafasi tuliyonayo sisi kwa sasa. Angalieni waliopo hapa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma tangu enzi za mkoloni, ina mawe na madini ya nchi nzima na watu wanaofuatilia matetemeko, na sisi tunaishi jirani kabisa na bonde la ufa, watoto wakitikiswa usiku asubuhi wanakuja kuniuliza mimi! Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, kimejaa watu wa kompyuta, kemia, hesabu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina watu wanaofanya kazi na mionzi kila siku wakati kwetu mionzi ni mada ya kuchora tu ubaoni. Makutupora kuna watafiti wa zabibu, na zabibu ni zao ambalo watoto wangu wengi wanalijua kwa mikono yao wenyewe, wanajua linavunwa mara mbili kwa mwaka, ila hawajawahi kuona kile kifaa kidogo unachodondoshea tone la maji ya zabibu ukachungulia kwenye mwanga ukasoma kiasi cha sukari. Kifaa kinaingia mfukoni. Kuna mwanga kupinda humo ndani, kuna kemia, kuna biashara pia maana sukari ya zabibu inagusa bei ya mkulima. Mada tatu kwenye tone moja.

Treni je? Treni ya umeme imeanza kufika hapa 2024, watoto wanaipenda kupita maelezo, inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa na inakula umeme wa volti 25,000. Mtu wa reli au wa TANESCO aje atuulize swali moja tu darasani, kwa nini 25,000 na nyumbani kwetu 230? Halafu asikimbilie kujibu. Awaache wahangaike na kikokotoo mpaka wenyewe waone kwamba ukipandisha volti mkondo unapungua kwa nguvu ile ile, na joto linalopotea kwenye waya linaenda kwa mkondo mara mkondo, kwa hiyo ukipunguza mkondo nusu unapoteza robo tu. Hiyo kanuni ipo kwenye daftari zao wanaikariri, hawajui kwamba inapita juu ya vichwa vyao kwenye nyaya za treni pale Ihumwa.

Na mtu wa maji! Huyu namhitaji kuliko wote. Shule nyingi huku maji ni shida, wanafunzi wanakuja na madumu. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, inanyesha msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, basi. Watu wanasikia milimita 570 wanaona ni kanamba tu ka redioni. Sasa injinia wa maji awaambie watoto kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili, halafu awape futi kamba wakapime paa la darasa lao. Tuseme wamepata mita 8 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 56, zidisha mara 570 unapata karibu lita 32,000. Toa robo kwa ajili ya zinazomwagika na kukauka, zinabaki lita 24,000. Dumu la lita 20, ni madumu 1,200, kutoka kwenye paa la darasa moja! Mtoto aliyebeba dumu kichwani asubuhi hiyo akipiga hiyo hesabu mwenyewe hutamuuliza tena hesabu inamsaidia nini. Na atakuuliza swali linalofuata, tanki liwe na ukubwa gani ili maji yafike mpaka Novemba, na hapo injinia ndiyo anaanza kazi yake ya kweli maana hilo swali lina bei ya saruji, lina idadi ya wanafunzi, lina miaka ambayo mvua inagoma.

Kuna watu watasema hayo ni mambo madogo, tunataka roboti, tunataka akili mnemba. Roboti nazitaka pia. Ila naomba niwakumbushe Kongwa hapo, ndani ya mkoa wetu huu huu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 3 Tanganyika na kwingine Afrika Mashariki na Kati, wakaanzia Kongwa. Walikuwa na matrekta, walikuwa na wataalamu wenye vyeti, walikuwa na hela za serikali yao. Ila waliokuja kukagua walizunguka wiki chache tu, sehemu kubwa wakiangalia kutoka juu kwenye ndege, hawakuwa na vipimo vya kutosha vya mvua wala vya udongo. Kumbe udongo wa Kongwa una mfinyanzi, kiangazi ukikauka unakuwa mgumu kama saruji na una mchanga unaotafuna majembe ya chuma, na mvua yenyewe haitoshi. 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yamezama. Mashine hazikuwa tatizo. Walikosa vipimo vya mahali penyewe.

Kwa hiyo nikisema mtafiti wa udongo aje na chupa tupu za maji simaanishi mchezo. Tia udongo wa shamba la shule kwenye chupa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha mpaka kesho. Mchanga umeshuka chini kwanza, tope laini juu yake, mfinyanzi ndiyo wa mwisho au bado unaelea. Pima kila tabaka kwa rula, geuza kuwa asilimia. Mtoto wa Kongwa na mtoto wa Bahi na mtoto wa Kondoa wakitumiana picha za chupa zao kwa wasapu ya walimu wataona kwa macho kwamba ardhi ya mkoa huu haifanani, na mtafiti atawaambia maana yake kwa uwele, kwa mtama, kwa mzabibu. Kondoa peke yake ni darasa, pale mmomonyoko ulifikia hatua serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi miaka ya 1970 na mifugo ikaondolewa kabisa maeneo yaliyoharibika. Wazee walioiona ardhi kabla na baada wapo, waleteni nao shuleni, wakae na mtafiti meza moja.

Sasa niongee na wataalamu kuhusu kusikiliza, hapa nitakaa kidogo. Wote mnajua habari ya Erasto Mpemba, ila naona huwa tunaisimulia nusu. Tunasema Mtanzania aligundua maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi, tunajivunia, tunapita. Ilivyokuwa ni hivi. 1963 yuko kidato cha tatu, wanatengeneza aiskrimu shuleni, yeye akaingiza maziwa yake kwenye friza yakiwa ya moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, akachekwa. Baadaye yuko Mkwawa Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuongea na wanafunzi kuhusu fizikia. Mpemba akasimama akauliza, maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100 ukiyaweka kwenye friza kwa ujazo sawa, yale ya 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka.

Hapo ndipo ninapotaka mpaangalie. Osborne angeweza kumpa jibu la haraka la kumnyamazisha, alikuwa mgeni na ratiba yake. Badala yake alikiri kwamba hajui, akaahidi atajaribu, akarudi Dar akaagiza maabara yake ijaribu kweli. 1969 likatoka andiko kwenye jarida la fizikia, majina mawili, Mpemba na Osborne. Mpaka leo wanasayansi bado wanabishana, wapo walioshindwa kuliona hilo jambo kwenye vipimo vyao wakasema huenda ni namna ya kupima tu, na mimi huo ubishi nautaka uingie darasani vile vile ulivyo kwa sababu friza na vikombe viwili vinatosha mtoto kuingia kwenye mjadala wa dunia nzima. Lakini bila mgeni aliyekubali kusema "sijui, nitajaribu" tusingekuwa na hiyo habari. Naomba wageni wa namna hiyo. Mtoto akikuuliza usichokijua andika swali, nenda nalo kazini, rudi na ulichokipata hata kama ni nusu.

Haya, walimu wenzangu, na sisi tusemane. Kuna hofu hatuisemi kwenye vikao. Mtaalamu akija darasani mwalimu anaogopa ataonekana hajui mbele ya wanafunzi wake, kwa hiyo anakaa nyuma anasahihisha madaftari kama vile kipindi sio chake, au anapiga chenga kabisa ile barua isijibiwe. Dawa yake ni mtaalamu na mwalimu wakutane kabla, hata nusu saa kwenye simu, mwalimu aseme niko mada fulani, watoto wamekwama hapa, nina vifaa hivi na hivi, na mtaalamu aseme mimi naweza kuleta hiki. Siku yenyewe mwalimu ndiye anayeongoza kipindi. Yeye ndiye anajua yule wa dirishani akinyamaza ana maana gani, anajua kipindi ni dakika 40 na kengele haimsubiri mtu. Mtaalamu akipewa darasa peke yake ataongea dakika 39 kuhusu shahada yake ya pili, samahanini lakini tumeyaona.

Lugha pia. Sekondari tunafundisha Kiingereza na mtihani ni Kiingereza, hilo linajulikana. Ila kwenye klabu baada ya vipindi nawaomba muongee Kiswahili, na ukikijua Kigogo au Kirangi ongea. Nimeshuhudia watoto ambao darasani hawajawahi kunyoosha mkono wanauliza maswali mpaka giza linaingia kwa sababu tu wameruhusiwa kuuliza kwa lugha wanayoiwazia. Maneno ya mtihani tutayabandika baadaye, hiyo ni kazi yetu walimu na tunaiweza.

Halafu tusiwaite mainjinia na madokta peke yao. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka mkondo wa amali, yaani elimu ya ufundi, na watoto wa mkondo huo wanahitaji kumuona fundi wa kweli. Yule fundi simu wa Majengo anayefungua simu na kufuata mkondo kwa multimita hatua kwa hatua mpaka anakuta palipokatika, huyo anafikiri kisayansi kuliko wengi wetu. Fundi wa kuunga sola, fundi wa pampu, mtu wa maabara ya zahanati anayehesabu vijidudu vya malaria kwenye hadubini. Na kwenye orodha yenu hakikisheni wanawake wapo, wapo wa kutosha na wanakuja zaidi ya mara moja. Binti wa kidato cha pili anayeamua aache fizikia au abaki nayo, bango la mwanamke aliyevaa kofia ya ujenzi halimsaidii, anamhitaji dada anayeweza kumuuliza vitu viwili vitatu pembeni, ulisomaje, nyumbani walisemaje.

Nikisema pembeni naomba nieleweke. Mgeni yeyote anapita kwa mkuu wa shule, mwalimu yupo muda wote, namba za simu za wanafunzi hazichukuliwi, mawasiliano yanapita kwa mlezi wa klabu, hakuna safari ya mtoto mmoja kwenda ofisini kwa mtu. Hili halina mjadala.

Posho nayo tuiseme. Hatuna. Tuna chai, tuna ubuyu, na mwalimu atakupokea stendi. Nauli ya kufika Chamwino au Bahi mtu mwenye mshahara anaimudu, lakini kwa shule za mbali kule Chemba na Mpwapwa ndani ndani nawaomba wakuu wa taasisi mliokaa mbele hapa mtoe gari mara moja kwa mwezi na mumhesabie mtu wenu ile nusu siku kuwa ni siku ya kazi. Mkifanya hivyo wataenda. Mkiwaachia waombe ruhusa kila mara watachoka mwezi wa pili. Na wenzetu wa halmashauri, barua ya mtaalamu kuomba kuingia shuleni ikizunguka muhula mzima msimu wa mvua unakuwa umepita na hapo hatuna cha kupima.

Maana nataka tuanze na mvua. Kila shule iwe na kipimamvua, chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa juu na kugeuzwa kama faneli inatosha kuanzia, mtu wa hali ya hewa atatuonyesha pa kuiweka na namna ya kusoma, na Desemba shule zikifungwa watoto wanasoma vipimamvua vyao nyumbani vijijini kwao, saa tatu asubuhi kila siku, hata siku ambayo ni sifuri wanaandika sifuri. Mwezi wa tano tunakutana na madaftari yetu tunalinganisha na vituo vya wataalamu.

Karatasi ziko mlangoni kwa yule mwalimu mwenye kitenge cha kijani. Wataalamu andikeni fani yako, siku ya wiki unayoweza kutoka, na kifaa gani unaweza kubeba. Walimu andikeni shule, kidato, na mada inayowashinda kufundisha bila kifaa, msione aibu. Tukimaliza chai tunakaa kuoanisha, na naomba mtu asiondoke kabla jina lake halijasomwa.

Asanteni sana.